Apgredi ya programu za muziki: pesa huenda wapi hasa

Kila vesheni mpya ikitoka swali huwa lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp ya maprodyuza wa hapa Mombasa, na hata ukikaa tu studio ya mtu Kisauni au Mikindani utalisikia: jamani, apgredi ni pesa ngapi? Afu majibu yanakuja matano na kila moja kivyake. Mmoja atasema ni bure, mwengine atasema elfu ishirini, mwengine yeye hukatwa kila mwezi, mwengine amelipa lakini programu imekataa kuingia kwenye mashine yake. Na wote wasema kweli, ni vile kila mmoja anaongea kitu chengine na neno wanalotumia ni moja.

Tuanze kutenganisha basi. Kuna apdeti ndogo, zile za namba baada ya nukta, kama kutoka 12.1 kwenda 12.2, na hizo mara nyingi hutolewa bure kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye vesheni hio, manake kazi yake kubwa ni kurekebisha makosa. Kuna vesheni mpya kabisa, 11 kwenda 12, na hapo ndipo kampuni nyingi hunyoosha mkono. Afu kuna edisheni, yaani uko kwenye vesheni ile ile ila unapanda daraja, na hii utalipa hata kwa kampuni ambayo vesheni mpya hugawa bure. FL Studio ndio mfano mzuri hapa. Edisheni ya chini kabisa, Fruity, ni kama dola 99, lakini haina kurekodi sauti. Kijana anayetengeneza biti peke yake anainunua na anafurahi nayo, afu siku msanii wa kwanza anaingia kuimba ndio anaona hana pa kuirekodia hio sauti, inabidi apande hadi Producer ambayo ni dola mia mbili hivi. Huyu akisema FL imemlipisha apgredi ni kweli, na mwenzake aliyenunua Producer tangu mwanzo akisema hajalipa hata senti tangu siku hio, pia ni kweli.

Sasa jambo ambalo naona wengi hawaliangalii, na kwangu mimi ndio lenyewe: bei ya apgredi yako iliamuliwa siku ile ulinunua mara ya kwanza. Sio siku vesheni mpya inatoka. Ile siku ulichagua aina ya laisensi ndio ulichagua utalipa vipi miaka yote inayofuata, ujue usijue.

Image-Line, hao Wabelgiji wenye FL Studio, wameshikilia sera moja miaka yote, ukinunua mara moja vesheni zote zinazokuja za edisheni yako ni zako bila kuongeza pesa. Programu ilitoka 1997 ikiitwa FruityLoops, ikabadilishwa jina 2003, na hadi leo hawajaanza kudai watu pesa ya vesheni. Apple nao kwa Logic Pro wamekwenda njia karibu na hio, Logic Pro X ilitoka 2013 kwa dola 199.99 na Mei 2024 ilipokuja Logic Pro 11, aliyekuwa na ile ya 2013 alipewa bure. Hapo ni miaka kumi na zaidi kwa shilingi kama 25,800 ukipiga dola kwa 129. Ukiangalia kwa jicho hilo tu Logic ni rahisi sana, lakini ngoja tufike kwenye mashine.

Reaper wana mtindo wao na naupenda kwa sababu uko wazi. Laisensi ya kawaida ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake hayapiti dola 20,000 kwa mwaka, ukipita hapo ni dola 225, na hio pesa inakushika vesheni mbili nzima. Ukinunua saa hizi kwenye 7, utatumia mpaka 8.99 bila kulipa tena. Ukitaka kujua hio ni muda gani angalia nyuma, vesheni ya 5 ilitoka 2015, ya 6 mwisho wa 2019, ya 7 Oktoba 2023, kwa hivo aliyenunua mwanzo wa 5 alikaa miaka minane kwa shilingi chini ya elfu nane. Wala huo utaratibu wa bei nafuu hauko kwa wanafunzi peke yao, studio nyingi za hapa kwetu zinaingia kwenye hilo kundi la dola 60 bila shida yoyote.

Ableton Live ni ya kulipia kila vesheni. Live 10 ilikuja Februari 2018, 11 ikaja Februari 2021, 12 ikaja Machi 2024, ukiangalia utaona ni kama kila miaka mitatu hivi wanagonga mlango. Suite ya 12 mpya kabisa ni dola 749, hio ni karibu 97,000 za kwetu, na mwenye vesheni ya nyuma anapunguziwa kulingana na alichonacho. Cubase ya Steinberg pia ni hivo, vesheni mpya ni za kulipia, na kwao hutoka mara kwa mara zaidi. Bitwig wao hukuuzia programu pamoja na miezi 12 ya apdeti, miezi ikiisha ile vesheni uliyofika inabaki yako milele, ukitaka kuendelea mbele unalipia mwaka mwengine, na ukikaa miaka miwili bila kulipa hakuna anayekunyang'anya kitu.

Afu kuna Pro Tools, na hapa watu huumia bila kuelewa. Pro Tools Studio ni dola 299 kwa mwaka. Hio ni kodi ya nyumba, ukiacha kulipa unatoka, hata kama umelipa miaka mitano mfululizo. Piga hesabu: dola 299 mara tano ni 1,495, kwa dola ya 129 inakuja kama 193,000, na mwisho wa miaka mitano mkononi huna kitu. Utabaki na Pro Tools Intro ya bure yenye treki 8 za odio, kwa hivo seisheni yako ya kwaya yenye treki 40 ndio hivo tena. Sisemi ni mbaya. Mtu anayefanya sauti za filamu au anayepokezana seisheni na studio kubwa za nje anaihitaji na inamlipa. Lakini kijana wa Changamwe anayerekodi wimbo kwa elfu tano, tena sio kila wiki, sioni hesabu yake ikikaa sawa hapo.

Na hata hio ahadi ya bure milele usiipokee macho yamefungwa. 2016 Cakewalk waliuza SONAR Platinum, programu yao ya kurekodi, kwa ahadi ya apdeti za maisha, watu wakatoa pesa, Novemba 2017 Gibson waliokuwa wanaimiliki wakatangaza wanasimamisha kila kitu. BandLab wakainunua 2018 na wakaitoa bure, ilikuwa bahati kwa wengi, ila aliyelipia maisha alipata kama mwaka mmoja na kidogo. Waves, wenye programu ndogo za efekti za sauti, nao Machi 2023 waliamka wakasema laisensi za kununua basi, sasa ni sabskripsheni tu, watu duniani kote wakapiga kelele mpaka siku chache baadae wakaomba radhi na kuzirudisha. Kwa hivo ahadi ya kampuni ina uzito, lakini pia angalia kampuni yenyewe imesimama vipi na imeiheshimu kwa miaka mingapi.

Haya, tuje kwenye shilingi, manake hakuna anayelipwa dola kwenye harusi ya Likoni. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa imepita 160, miezi michache baadae ikashuka ikakaa kwenye 129 hivi. Ile ile sabskripsheni ya dola 299 kwa 160 ni 47,840, kwa 129 ni 38,571. Tofauti ni zaidi ya elfu tisa na programu haijabadilika hata kitufe kimoja. Anayelipa mara moja anaweza kungoja dola ishuke, lakini anayekatwa kila mwaka tarehe ni tarehe, ikimkuta dola iko juu analipa ya juu. Ongeza na kiwango cha dola cha kadi yako, ambacho mara nyingi kiko juu kidogo ya kile kinachotangazwa na Benki Kuu. Na kuna VAT. Serikali yetu inatoza 16% kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje, na kampuni zilizojisajili huiweka mwisho kabisa wakati wa kulipa, kwa hivo dola 200 uliyoiona kwenye websaiti inaweza kugeuka 232 ukifika kwenye malipo. Tembea mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kusema una pesa ya kutosha. Angalau kulipa kwenyewe kumekuwa rahisi, tangu M-Pesa walete ile kadi ya Visa ya GlobalPay mwaka wa 2022 hulazimiki kumtafuta mtu mwenye kadi ya benki akulipie umrudishie na juu yake.

Mpaka hapo tumeongea bei ya programu tu, na mimi kwa kuona kwangu hio ndio sehemu ndogo. Pesa kubwa iko kwenye vitu ambavyo apgredi inavivuta nyuma yake.

Chukua ile Logic Pro 11 ya bure. Ilipotoka ilitaka mfumo wa kompyuta wa macOS Ventura 13.5 kwenda juu. MacBook Pro ya 2015, ambayo kwa mafundi wa hapa bado inaheshimika na watu wanainunua, Apple wameisimamisha kwenye Monterey, mfumo wa kabla ya huo, haipandi Ventura. Kwa hivo mwenye hio mashine apgredi yake ya bure bei yake ni MacBook nyengine. Na ile kitu iliyotangazwa sana, Stem Splitter ya kutenganisha sauti na ala kwenye wimbo uliokwisha mikisiwa, ilikuja kwa Mac zenye chipu za Apple wenyewe peke yake, zile zilizoanza Novemba 2020, hata uwe na Mac ya Intel inayokubali Logic 11 hutaiona. Ukijumlisha hapo utaelewa kwa nini Apple hawana haraka ya kukudai dola za programu, wao wanauza kompyuta.

Upande wa Windows ni hivo hivo. Microsoft walifunga kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Sasa angalia zile laptopu za ex-UK ambazo wengi wetu hununua mjini, Moi Avenue, Digo Road, nyingi ni kizazi cha tano, cha sita. Bado zinafanya kazi, hakuna atakayezizima, na kama studio yako haiingii kwenye intaneti ovyo unaweza kukaa nazo muda. Lakini kampuni za muziki pole pole huanza kuandika Windows 11 kwenye mahitaji yao, na siku utakayotaka vesheni mpya utaambiwa ubadilishe mashine kwanza. Kwa hivo ukiwa unanunua laptopu leo, hata ya mkono wa pili, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza ukubwa wa diski. Hio elfu tano au elfu saba utakayoongeza dukani ni sehemu ya bei ya apgredi za mbele.

Plagini, zile programu ndogo za ala na efekti zinazoingia ndani ya programu kubwa, nazo zina mambo yao. Nichukue mfano ambao prodyuza yeyote wa hapa anaujua. Kundi la kaswida walirekodi mwaka jana, kazi ikaisha ikaenda, sasa wanarudi kabla ya Ramadhani wanataka ubeti mmoja ubadilishwe, jina la mfadhili liingie. Katikati ya hapo wewe umeapgredi programu na mfumo wa kompyuta. Unafungua projekti, inapakia, inapakia, afu kinakuja kidirisha kirefu cha plagini ambazo hazijapatikana. Sauti za waimbaji zipo, mawimbi yake unayaona, lakini ile riveba iliyokuwa inawapa ukumbi haipo, dufu zilizokuwa kwenye sampla hazilii, kila treki ina kisanduku cha kijivu mahali palipokuwa na kompresa. Kundi liko mlangoni na kanzu zao na kila mmoja ameacha kazi yake. Hapo unaanza kutafuta vesheni mpya ya kila plagini, na baadhi ni za kulipia. Waves wana mpango wao wa apdeti wa mwaka, ukiisha plagini zako zinaendelea kufanya kazi kwenye mfumo wa zamani, lakini ukitaka vesheni inayokubali mfumo mpya unaulipia tena. Laibrari za Kontakt, ile plagini ya kupigia ala zilizorekodiwa, pia, nyingi zikitoka zinadai Kontakt ya vesheni fulani kwenda juu, hujainunua haifunguki. Na 2019 macOS Catalina ilipokata programu za biti 32 (32-bit, zile za muundo wa zamani) zote kwa mara moja, kuna plagini zilikufa siku hio na waliozitengeneza walikuwa wameshafunga duka zamani, hata ungekuwa na pesa hakuna wa kumlipa.

Wapo wanaofanya vizuri na wanastahili kusemwa. Serum ilitoka 2014, Serum 2 ilipokuja Machi 2025 kila aliyekuwa na ya kwanza alipewa bure, ikiwa ni sintesaiza karibu mpya nzima. Wakati wa kununua plagini historia kama hio iangalie sawa na unavyoangalia sauti yake.

Kuna wakati lakini apgredi inastahili kila senti, na kipimo changu ni kama inakupa kitu ambacho muziki wako ulikuwa unakikosa. Live 12 ilileta mifumo ya tyuni, yaani kibodi yako inaacha kufungwa kwenye noti 12 zilizo sawa za kizungu, unaweza kuiweka kwenye maqamu yenye robo toni kama Rast na Bayati. Kwa mtu wa gengetone hio haimhusu ndewe wala sikio. Lakini kwa anayetengeneza taarab ya kwetu, ambaye kwa miaka amekuwa akivuta noti moja moja kwa pichi bendi ili kinanda kisigombane na fidla na kanuni, hio ni siku nzima ya kazi inarudi kwake kila wimbo. Huyo nitamwambia apgredi, tena mapema, ingawa kabla ya kulipa afungue mipangilio ya tyuni ya programu aliyonayo, manake Logic kwa mfano ina tyuni za projekti tangu zamani na wengi hawajawahi kuigusa hio sehemu. Akiwa anabadilisha kwa sababu ya rangi mpya na sauti za ziada ambazo hatazitumia, basi hio pesa ingemnunulia maikrofoni au povu la ukutani na wasanii wangesikia tofauti siku hio hio.

Jengine ni kwamba pesa ya studio za hapa haiji kwa mwezi, inakuja kwa msimu. Kuna kaswida kabla ya Ramadhani, kuna harusi baada ya Idi, kuna Disemba ya wageni na hoteli, na mwaka wa siasa kuna nyimbo za kampeni za kila mtu anayetaka kura. Katikati kunakuwa kimya kweli kweli. Sabskripsheni haijui msimu, itakukata Mei wakati mvua inanyesha na hakuna aliyepiga simu. Ndio maana mimi nasimama upande wa kununua mara moja pesa ya msimu ikiingia, hata kama bei ya siku hio inaonekana kubwa, au ukodishe mwezi mmoja tu kwa kazi inayolipa hio kodi yenyewe na ufunge ikiisha.

Krak, yaani programu iliyovunjwa laisensi ili itumike bila kulipa, siwezi kuiruka kwa sababu iko kila mahali, na nawaelewa wanaoitumia manake nimeona wanavyoishi. Lakini ukiiweka kwenye hesabu sio bure. Huwezi kuchukua apdeti bila kutafuta krak nyengine, unazima antivairasi ili iingie na hapo hujui ni nini chengine kimeingia nayo kwenye mashine yenye M-Pesa na imeli za klayanti, na kazi ikipata shirika au tangazo la hoteli wanaweza kuuliza risiti. Kabla ya kufika huko kuna njia. Reaper inakupa siku 60 nzima bila kufungwa chochote. FL ya majaribio inakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo, inachokataa ni kuifungua tena projekti uliyoisevu mpaka ulipie. Live Lite, edisheni ndogo ya Ableton Live, huja bure na vifaa vingi, midi kibodi ndogo au saundikadi, na watu huitupa ile karatasi yenye namba ya kuifungulia bila kuisoma. Mwanafunzi wa TUM au chuo chochote Ableton wanampunguzia 40%.

Ukiwa umeamua kulipa, muda ndio unaamua bei. Novemba karibu wote wanashusha kwa Black Friday. Na kampuni nyingi huweka kipindi cha neema, ukinunua vesheni ya sasa siku chache kabla ya mpya kutoka unapewa mpya bure, kama Ableton walivyofanya Novemba 2023 walipotangaza Live 12, waliuza Live 11 kwa punguzo la 20% na 12 ikiwa ndani yake. Anayenunua kwa bei kamili Oktoba bila kusoma tangazo lolote ndiye analipia hio furaha ya wengine.

Na kabla ya kubonyeza, hamisha kazi zako. Kila projekti ya klayanti itoe stemu, yaani kila treki na faili yake ya sauti, za WAV za biti 24, treki zote zianzie sifuri, midi kando, na BPM (kasi ya wimbo) iandike kwenye jina la folda, kwa sababu stemu itafunguka kwenye programu yoyote miaka kumi ijayo hata plagini zote zikifa. Vesheni ya zamani usiifute. Live inakubali vesheni mbili kukaa kwenye mashine moja, na ukumbuke projekti uliyoisevu na 12 haifunguki tena kwenye 11, kwa hivo kazi uliyoianza na ya zamani imalizie na ya zamani, ile mpya ianze na msanii mpya.